Njia Nne

Mvua ikianza kupiga bati pale Usa River, fundi mitambo ninayemfahamu huzima mashine na kuagiza chai. Chumba chake cha kurekodia kilikuwa cha wageni: magodoro yamesimamishwa ukutani, blanketi zito dirishani, maikrofoni imefungwa kwenye mti wa ufagio. Wanakwaya wametoka Akheri kwa miguu, lakini atawakalisha hadi mvua ikatike. Mvua ikishaingia kwenye kanda, anasema, haitoki.

Mashine yake ni ya kaseti, ya njia nne, yaani hurekodi sauti nne, kila moja kwenye njia yake. Kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa ya kwanza ya aina hiyo, Portastudio 144, mwaka 1979, na Bruce Springsteen akaitumia kurekodi chumbani albamu yake ya Nebraska ya 1982, ambayo awali aliikusudia iwe majaribio tu ya kuwapa bendi. Huku Meru mashine kama hiyo ilikuta waimbaji tele. Ni huku huku, Makumira, ambako Howard Olson, mwalimu wa chuo cha teolojia cha Kilutheri, alikusanya nyimbo za ibada zenye mahadhi ya makabila yetu.

Kanda hukimbia mara mbili ya kawaida, na njia zote nne hujaza pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 hutoa dakika 15 tu. Kaseti ya 120 haigusi. Utepe wake mwembamba, mashine huula. Kabla ya kila wimbo hufuta hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa pamba na spiriti, akaitazama ile pamba kama imetoka na weusi.

Kinachonivuta zaidi ni pale njia tatu zinapojaa. Solo ipo, alto ipo, teno ipo, imebaki besi na gitaa. Hapo huzichanganya zile tatu ziingie kwenye njia ya nne, kisha hurekodi upya juu ya zile tatu ili apate nafasi. Alto ikizidi wakati huo, imezidi milele. Basi hukaa na vidole vyake vitatu juu ya vitelezo, anaurudia wimbo bila kurekodi kitu, anapandisha kidogo, anashusha kidogo, mpaka vidole vijue ubeti upi unataka nini. Ndipo hubonyeza. Kwaya nzima iko nje barazani, hakuna anayekohoa.

Vijana wa Kijenge na Ngarenaro, mjini Arusha, wana kompyuta zenye njia zisizo na idadi. Sina kinyongo na kompyuta, na mji uliotupatia kundi la rap la X Plastaz hauhitaji kufundishwa muziki na mimi. Ila siku hizi mwimbaji huingia studio wimbo hajaushika, akaambiwa aimbe tu, watanyoosha baadaye. Wananyoosha kweli, hadi pumzi zinakatwa.

Mashine ya fundi wangu sasa inayumba, mkanda wake wa mpira umelegea. Mafundi redio aliowazoea wamehamia kwenye simu, na wa saizi ile haupatikani mjini. Kanda zake zimejaa sanduku. Ukiitia moja kwenye redio kaseti ya kawaida, upande wa kwanza unasikia njia mbili tu, zikiburuza kwa mwendo wa nusu. Ukigeuza, zile mbili nyingine zinaimba kinyumenyume.