Sendebar si kosa la kufutwa

Mishle Sendebar ni tawi la Kiebrania la mkusanyo wa hadithi uliosambaa kutoka Mashariki kwa jina la Sindbad, mwalimu mwenye hekima ambaye si yule baharia wa Alfu Lela Ulela. Hadithi mama ni ileile katika matawi ya Mashariki: mwana wa mfalme analazimika kunyamaza siku saba kwa sababu nyota zake ni mbaya, mwanamke wa jumbani anamsingizia kwamba alitaka kumvunjia heshima, mwanamke huyo anasimulia visa ili kijana auawe, na washauri saba wa mfalme wanasimulia vyao ili aokoke. Kitabu kimepita mikononi mwa wahariri kadhaa, na mmoja wao, Paulus Cassel, alikitendea jambo ambalo mhariri hana ruhusa ya kulitenda.

Toleo lake lilitoka Berlin mwaka 1888 kwa jina la Mischle Sindbad. Ukurasa wa kwanza unatangaza bila haya kwamba maandishi yamehaririwa, yamesahihishwa na kufafanuliwa. Balaa imo katika hilo la pili. Hoja iliyo nyuma yake inafahamika: katika hati ya Kiebrania, herufi dalethi na reshi zinatofautiana kwa nukta ya wino tu. Dalethi ina kona inayochomoza juu upande wa kulia, reshi imeviringwa mahali hapohapo. Kalamu ikiteleza kidogo, Sindbad anageuka Sendebar. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale mhariri anapodhani kwamba akishajua kosa lilivyoingia, amepata idhini ya kuling'oa.

Kosa hilo lilikuwa na maisha yake. Mwandishi wa Kiyahudi Kalonymos ben Kalonymos alikitaja kitabu hicho mwaka 1316 kwa jina la Sendebar. Zaidi ya hapo, katika tafsiri ya Kiebrania ya mkusanyo mwingine wa hadithi, Kalila na Dimna, inayonasibishwa na Rabi Yoeli, mwanafalsafa anayeitwa Bidpai katika Kiarabu anaitwa Sendebar. Yohane wa Capua aliifasiri kazi hiyo kwa Kilatini katika karne ya 13, na Sendebar akaingia Ulaya kwa mlango huo. Kwa hiyo ile reshi ni alama ya njia. Inaonyesha ni kitabu gani kilipita mikononi mwa Wayahudi na kipi hakikupita, na inaonyesha vitabu viwili tofauti vikigusana katika Kiebrania. Msomaji anayekutana na Sindbad kwenye jalada la Cassel amenyang'anywa ushahidi huo kabla hajafungua ukurasa, na aliyemnyang'anya anaamini amemfanyia hisani.

Tabia hii ya kusahihisha kuelekea chanzo kinachodhaniwa ni ugonjwa wa zamani wa wahariri wa karne ya 19, na Kiebrania kimeumia nao kuliko lugha nyingi. Chukua hatima ya mwanamke. Katika tafsiri ya Kihispania ya mwaka 1253 anachomwa ndani ya sufuria kavu. Katika Syntipas, tawi la Kigiriki, ananyolewa na kutembezwa mjini juu ya punda, uso ukielekea mkiani. Katika Kiebrania anasamehewa. Kanuni ya Cassel ikifuatwa hadi mwisho wake, msamaha huo nao ungepaswa kufutwa, maana matawi mengine hayana. Vivyo hivyo kisa cha kifo cha Absalomu, kilichotoka moja kwa moja katika Maandiko na ambacho hakuna Mwarabu wala Mgiriki aliyekipachika humo. Hayo ndiyo yanayofanya kitabu kiwe cha Kiebrania.

Domenico Comparetti alikwisha kuonyesha njia mwaka 1869: aliyaweka matawi ya Mashariki ubavu kwa ubavu, akaacha kila moja liseme kwa sauti yake, kisha ndipo akauliza nasaba. Joseph Derenbourg naye, mwaka 1881, alichapa matoleo mawili ya Kiebrania ya Kalila na Dimna ndani ya jalada moja bila kuyachanganya. Wazee hao walikuwa na subira ambayo Cassel hakuwa nayo, ingawa elimu yake ilikuwa pana.

Toleo la Morris Epstein la mwaka 1967, lililotegemea nakala za mkono ambazo hazikuwa zimechapwa, lilimrudishia Sendebar jina lake na kuweka tafsiri ya Kiingereza. Kazi safi.

Uhispania mambo yamekwenda kinyume. Kile kitabu cha mwaka 1253, kilichofasiriwa kutoka Kiarabu kwa amri ya mwanamfalme Fadrique, kimebaki katika nakala moja tu ya zamani, na humo mwalimu anaitwa Çendubete. Wahariri wa leo wanakichapa kwa jina la Sendebar. Reshi ya wanakili wa Kiebrania imebandikwa juu ya kitabu ambacho hawakukigusa, na hilo ni kosa la Cassel lililogeuzwa upande.