Bado Tunajipanga

Jumanne ya tarehe 24 Septemba 2024, watu wa Chicago walienda uwanjani kuona timu yao ikishindwa. Walinunua tiketi wakijua wanachofuata. White Sox walikuwa wamepoteza mechi 120 msimu huo, sawa na rekodi ya New York Mets ya 1962, na kipigo kimoja zaidi kingewaacha peke yao kwenye besiboli ya tangu 1900. Huku Nairobi ilikuwa saa tisa usiku, na mimi nilikuwa macho, simu iko kwa chaji, nafuatilia. Kufikia raundi ya nane kati ya tisa walikuwa nyuma 2-0. Rekodi ndiyo hiyo inakuja. Halafu maze wakapata alama tatu, mechi ikaisha 3-2. Wameshinda. Na humo humo uwanjani mashabiki walikuwa wakiimba kwamba mwenye timu aiuze.

Nilicheka peke yangu kitandani. Hata kushindwa kuliwashinda.

Utauliza kijana wa Kahawa West na besiboli ni wapi na wapi. Ilikuja kama kazi. Baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu nilianza kutafuta vibarua vya mtandaoni, na mteja mmoja akawa ananitumia vipindi vya redio vya michezo vya Chicago nivinakili neno kwa neno. Mechi ikiisha, mashabiki wanapiga simu. Sikujua nani anarusha wala nani anapiga, lakini zile sauti nilizijua. Ni sauti ya shabiki wa Man U tangu Ferguson aondoke 2013. Ni sauti ya mathe akiongea na fundi wa nguo aliyekula deposti na kitambaa bado kiko kwa rafu. Wengi hata hawakuwa wanatukana. Walikuwa na swali moja: lini?

Walichokuwa wakingoja ni kile watangazaji wetu huita kusuka kikosi upya. Lakini kule kusuka kuna hesabu yake, na lazima uielewe ndio uone uchungu uko wapi. Hapa kwetu timu ikivuta mkia inashushwa daraja. Kule hakuna kushushwa. Unaweza kuwa wa mwisho na msimu ujao bado uko pale pale, pesa za televisheni zinaingia, na juu ya hayo timu mbovu ndizo huwekwa mbele wakati wa kuchagua vijana wapya wenye vipaji. Kwa hivyo kushindwa kunaweza kuwa mpango. Unauza nyota wako, unapokea vijana wa bei rahisi, unachapwa kwenye nyingi za zile mechi 162 za msimu, kisha siku moja vijana wanakomaa na mnabeba kombe.

Hiyo ni hadithi, na mimi nataka kuihakiki kama hadithi. Ina sura tatu: mateso, matumaini, ushindi. Na inauzwa kwa sababu imewahi kuwa kweli. Houston Astros walipoteza mechi 106 mwaka 2011, 107 mwaka 2012, na 111 mwaka 2013, kisha wakawa mabingwa 2017. (Baadaye ikajulikana msimu huo walikuwa wakiiba ishara za wapinzani kwa kamera, lakini wauzaji wa hadithi huiruka hiyo aya.) Chicago Cubs, majirani wa White Sox katika jiji hilo hilo, walipoteza 101 mwaka 2012, na 2016 wakamaliza ukame wa miaka 108. Baada ya hapo kila timu iliyochoka ikaanza kusema na sisi tunajipanga.

White Sox walifungua sura ya kwanza Desemba 2016. Walimtoa Chris Sale, mrushaji wao bora, akaenda Boston. Wao wakapokea vijana, wakiwemo Yoan Moncada na Michael Kopech. Mwaka 2018 walipoteza mechi 100. Mwaka huo huo Sale alikuwa anabeba kombe na Boston. Mashabiki wakaambiwa wavumilie, na wakavumilia.

Sura ya pili ndiyo inanichekesha na kuniuma. Mwishoni mwa 2018 nyota Manny Machado alikuwa huru kusajiliwa popote. White Sox wakamleta Yonder Alonso, ambaye ni shemeji yake, na Jon Jay, rafiki yake. Yaani walimleta shemeji, wakamleta na rafiki wa bwana harusi, halafu ilipofika saa ya kutoa mahari wakatoa hesabu fupi. Februari 2019 Machado alisaini San Diego kwa dola milioni 300. Shemeji akabaki Chicago na jezi yake.

Hata hivyo vijana walikomaa kweli. Mwaka 2020 timu iliingia mchujo kwa mara ya kwanza tangu 2008. Hapo mwenye timu, Jerry Reinsdorf, yule yule wa Chicago Bulls ya Jordan, akafanya jambo ambalo mwandishi yeyote angeambiwa na mhariri aliondoe. Kocha Rick Renteria akaachishwa, na akaletwa Tony La Russa, mzee wa miaka 76, ambaye timu hiyo hiyo ilikuwa imemfuta 1986, Reinsdorf akiwa ndiye mmiliki, na akabaki akijuta. Hadithi ya vijana ikageuzwa ghafla kuwa hadithi ya majuto ya mzee. Mwaka 2021 walishinda mechi 93, wakatolewa na Houston. 2022, ushindi 81 na vipigo 81. 2023, vipigo 101, na wakubwa wa kusajili wakafutwa. Ikatangazwa tena kwamba tunajipanga.

Kisha 2024. Vipigo 21 mfululizo kati ya Julai na Agosti. Ule usiku niliokesha ulikuwa mwanzo wa ushindi wa mechi tatu nyumbani, lakini Ijumaa yake Detroit wakawapa kipigo cha 121. Msimu ukaisha: ushindi 41, vipigo 121. Na Chris Sale? Mwaka huo huo alishinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa Ligi ya Kitaifa, akiwa Atlanta. Kopech, yule kijana waliyepokea badala yake, aliuzwa Julai kwa Dodgers, na Oktoba Dodgers wakawa mabingwa. Mwandishi wa vichekesho akileta njama kama hiyo ataambiwa amezidisha chumvi.

Hata zawadi ya kushindwa ilipotea. Kwa sheria mpya za ligi, timu ya soko kubwa haiwezi kupata nafasi za juu za kuchagua vijana miaka miwili mfululizo. White Sox walichagua wa 5 mwaka 2024. Kwa hivyo mwaka 2025, baada ya vipigo 121, walichagua wa 10.

Sasa, wanaotetea kusuka upya husema shida ni mashabiki, hawana subira, na subira huvuta heri. Mimi nasema lugha hiyo hiyo pia ilituachia ngoja ngoja huumiza matumbo, na kazi ya mhakiki ni kuuliza ni tumbo la nani. Cubs walipofika karibu na sura ya tatu walimlipa mrushaji Jon Lester dola milioni 155. Waliwaomba watu subira, kisha na wao wakaingia mfukoni. White Sox wakati wote huo walikuwa hawajawahi kumpa mchezaji yeyote mkataba wa kufika dola milioni 100. Mkubwa wao ni wa Andrew Benintendi, milioni 75. Shabiki alilipa kila mwaka, kwa tiketi na kwa miaka yake. Aliyekuwa akimwambia angoje hakupoteza kiti.

Hapo ndipo mimi nasimama. Kuomba mtu angoje si dhambi. Lakini subira ni mkopo, na anayeukopa lazima awe na kitu chake mezani na tarehe ya kulipa. Bila hivyo, unamuuzia mtu kungoja kwenyewe. Wale waliolipa kwenda kuona kipigo cha 121 hawakuwa wasaliti. Walikuwa wameuziwa kitabu kisicho na mwisho kwa miaka minane, wakaamua angalau wachague ukurasa mmoja wa kushuhudia kwa macho yao.

Najua hili kwa njia mbili. Ya kwanza, mteja wangu wa zile redio alikaa na malipo yangu ya miezi miwili akiniambia biashara bado inajipanga, niwe na subira. Mwenye keja hakuwa anajipanga. Alikuja na kufuli.

Ya pili ni mbaya zaidi, kwa sababu humo mwenye timu ni mimi. Nilipoacha chuo nilimwambia mathe ni muhula mmoja tu, najipanga, nitarudi. Miaka mitatu sasa. Karo ya mwanzo alitoa kwa chama, na nadhani bado analipa. Kila nikienda ocha ananiuliza masomo, na mimi namwambia bado najipanga, mathe, kwa sauti ile ile nimeinakili mara nyingi kwa kompyuta, sauti ya mkubwa wa timu akiongea na shabiki. Yeye hana kelele. Ananiongezea chai.

Mwaka 2025 White Sox walipoteza mechi nyingine 102. Lakini Juni ya mwaka huo wale waliokuwa wakiimba timu iuzwe walijibiwa. Ilitangazwa kwamba tajiri Justin Ishbia ataweza kuichukua timu. Kati ya 2029 na 2033, Reinsdorf akipenda, atamuuzia. Asipopenda, Ishbia atapata haki ya kununua baada ya msimu wa 2034.

Kwa hivyo kelele za watu zilijibiwa kwa kungoja kwingine, ingawa siwezi kukana kwamba safari hii angalau kuna mwaka umeandikwa. Wiki hii mathe alipiga simu, na kabla afike kwa swali lake nikamtajia mwezi. Septemba. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, Septemba ya mwaka gani?