Samuel Johnson na Kamusi Yake

Wengi hufungua kamusi kama mtu anayekwenda mbele ya hakimu: neno likiwamo ni halali, lisipokuwamo ni haramu. Lakini kamusi ya Kiingereza ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755, ilitungwa na mtu aliyeanza kazi kama hakimu akaimaliza kama shahidi. Twataka kuipima kwa haki.

Kwanza tuitazame lugha yenyewe. Kiingereza kililetwa kisiwani tangu karne ya 5 na Waanglo na Wasaksoni, watu wa jamaa ya Wajerumani. Baadaye Wavikingi wakaongeza maneno yao. Hata neno they, yaani ‘wao’, limetoka kwao. Kisha mwaka 1066 William wa Normandie akaishinda nchi, na kwa muda mrefu wakubwa walisema Kifaransa, wakulima Kiingereza. Alama yake ingaliko mezani: ng’ombe akiwa malishoni huitwa cow, neno la mchungaji, nyama yake ikiwa chunguni huitwa beef, neno la bwana aliyeila. Lugha ya namna hii nani ataifunga kamba?

Johnson alidhani ataweza. Katika mpango aliouchapisha mwaka 1747 alitumaini kuisimamisha lugha isigeuke ovyo. Akataabika miaka mingi pamoja na wasaidizi sita wa kunakili, akakusanya maneno kama 42,000. Ndipo katika dibaji akakiri waziwazi kwamba hakuna mtunga kamusi awezaye kuizuia lugha isibadilike. Kwa ungamo hilo twamheshimu kuliko kwa wingi wa maneno yake.

Uzuri wa kitabu uko katika mifano, zaidi ya 110,000, aliyoitoa kwa waandishi ili kuonyesha neno lilivyotumika. Tazama neno silly. Hapo kale sana maana yake ilikuwa ‘mwenye heri’. Johnson anaanza na mtu asiye na hatia, anafuata mnyonge, anaishia kwa mpumbavu. Ni safari ya huzuni! Twajiuliza wapole walichekwa muda gani hata neno lao likaanguka hivyo.

Walakini lawama tunayo. Johnson aliwasikiliza wafu kupita walio hai. Maneno mengi ya mafundi na wachuuzi aliyaacha, akiona kwamba ni ya kupita tu; kumbe sokoni ndiko lugha inakozaliwa kila siku. Tena aliogopa Kifaransa kisije kikaiharibu lugha yake, kana kwamba Wanormandie hawakuwa wamekwisha kuingia zamani. Na ule mzaha wake juu ya nafaka iitwayo oats, kwamba Uingereza hupewa farasi na Scotland hulisha watu, huchekesha mara moja, basi. Watano kati ya wale sita waliomnakilia walikuwa watu wa Scotland.

Katika tahajia alifaulu zaidi, maana sehemu kubwa ya maneno huandikwa hata leo kama alivyoyaandika yeye. Lakini musick na publick aliyatia herufi k mwishoni, naye alishikilia hivyo. Waingereza wakaiacha k polepole, katika barua, katika magazeti, mwisho katika kamusi zenyewe, wala hawakumwomba mtu ruhusa.