Kuokoka na Kuokolewa: Maneno Mawili Katika Lugha ya Pwani

Mfasiri hupimwa zaidi kwa maneno madogo kuliko makubwa. Biblia ya 1952, iliyokusudiwa kuunganisha tafsiri za Unguja na Mombasa, yatupa mifano miwili, nayo yote yahusu kuzaliwa upya kwa roho.

Wa kwanza umo katika Injili ya Yohana, mlango wa 3. Neno la Kiyunani anothen lina maana mbili: "tena" na "kutoka juu". Wafasiri walichagua "mara ya pili". Kwa hiyo swali la Nikodemo, la kurudi tumboni mwa mamaye, laeleweka mara moja; lakini jibu la Yesu, linalotaja Roho na upepo, laonekana kuruka hatua, maana ile "juu" imepotea.

Wa pili ni mzito zaidi. Waraka kwa Waefeso, mlango wa 2, umetumia kauli ya kutendwa: watu wameokolewa kwa neema. Lakini tangu Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ushuhuda unaosikika ni "nimeokoka", na jina la "walokole" limetoka katika Kiganda. Je, ni mamoja? Mvuvi wa Tanga ambaye ngalawa yake imepinduka akisema "nimeokoka", twajua kwamba yu hai. Akisema "nimeokolewa", twauliza: na nani?

Yuko atakayesema kwamba "kuokoka" kwamficha Mwokozi. Sikubali. Mwenye kujisifu angesema "nimejiokoa". "Kuokoka" hueleza hali tu, na ushuhuda wahitaji kueleza hali. Hatari yaanza neno linapogeuka kuwa jina la kundi. Hapo mtu huulizwa kama ameokoka, wala haulizwi ameokolewa na nani, kutoka katika nini.

Jambo hili lina uzito wa pekee Tanga, Pangani na Muheza, ambako Mkristo na Mwislamu ni majirani. "Toba" na "imani" ni maneno yao wote wawili. "Wokovu" umetokana na "kuokoa", neno la kila siku la mtu aliyenusurika baharini au motoni, likatwikwa maana mpya. Basi mhubiri aliyeko Magila asidhani kwamba limekwisha kujieleza. Na ashike kauli zote mbili: "nimeokoka" kwa kushuhudia, "nimeokolewa" kwa kushukuru.