Santuri Moja na Sikio la Mwalimu

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii sisi walimu huitumia tuzungumziapo malezi ya watoto. Lakini sikio nalo hukunjwa lingali bichi. Katika makala haya nakusudia kuonyesha jinsi santuri moja ilivyonipa mizani ya kupimia muziki, na jinsi mizani hiyo ilivyopata kunipotosha darasani.

Santuri yenyewe ni "Songs for the Poor Man", yaani Nyimbo za Maskini, ya Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila. Ilirekodiwa Uingereza katika studio za Real World, zilizoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, ikatolewa mwaka 1989. Remmy alizaliwa Kongo mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, na huko ndiko alikofariki mwaka 2010. Mimi niliipata katika kanda iliyonakiliwa, hapa Nyamirambo, Kigali, nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Kiswahili changu kilikuwa bado cha kubahatisha, nami niliirudisha kanda nyuma mara nyingi hadi nilipolinasa neno.

Tukiitazama kwa upande wa maudhui, mwimbaji amesimama pamoja na mnyonge. Wimbo "Sauti ya Mnyonge" watangaza msimamo huo kwa jina lake tu. Kwa upande wa fani, magitaa yanapokezana pasipo kuifunika sauti ya mwimbaji, na lugha yake ni ile ya mtu wa kawaida azungumzaye na jirani yake. Kwa kijana aliyekuwa akijifunza lugha, hiyo ilikuwa neema kubwa. Nilitambua kwamba muziki wa kucheza waweza pia kuwa muziki wa kufikiri.

Hata hivyo, neema hiyo iligeuka sheria. Kila wimbo nilioukuta baadaye niliupima kwa maswali mawili: je, maneno yasikika? Je, msemaji asema waziwazi? Ulioshindwa niliutupa, nami nikajiona mhakiki.

Miaka kadhaa iliyopita niliwataka wanafunzi wangu kila mmoja ahakiki wimbo mmoja wa Kiswahili. Msichana mmoja alichagua wimbo wa taarabu. Nilimpa alama chache, nikaandika pembeni kwamba maana ya wimbo haieleweki. Hakubisha; aliikunja karatasi yake akaketi. Jioni ile swali lilinikera: haieleweki kwa nani? Tangu siku za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, waimbaji wa taarabu wamekuwa mabingwa wa mafumbo. Msemwa hujijua, na wengine hubaki wakiulizana. Mtoto yule alikuwa ameeleza fumbo hilo kwa uangalifu, nami nilimwadhibu kwa kuchagua utanzu ambao ufundi wake ni kusitiri. Mwalimu wa Kiswahili asiyevumilia mafumbo anafundisha nusu ya lugha. Kesho yake nilimwomba karatasi, nikaisoma upya na kuisahihisha kwa haki.

Baada ya hapo niliirudia santuri yangu, nikashangaa. Mna wimbo uitwao "Kipenda Roho". Jina hilo ni nusu ya methali: kipenda roho hula nyama mbichi. Nusu ya pili ameachiwa msikilizaji aitimize mwenyewe. Kumbe fumbo lilikuwamo tangu mwanzo katika kanda niliyoidhani ya uwazi mtupu! Miaka yote hiyo nilikuwa nimesikia kile tu nilichokuwa tayari kukipenda.

Sisemi kwamba mwalimu aache kupenda. Asiye na santuri moja aliyoisikiliza hadi kuijua kwa moyo hana pa kuanzia uhakiki wake. Wala sijaacha kuithamini ile ya Remmy. Naiona bora kuliko nilivyoiona zamani. Ninachosema ni kwamba kipimo chochote kina mahali kilikotoka, na mwanafunzi ana haki ya kupajua.

Siku hizi, kabla ya kutoa zoezi la kuhakiki wimbo, huwachezea wanafunzi wangu wimbo mmoja wa santuri ile, nikawaambia: hapa ndipo sikio langu lilipokunjwa. Kisha nawauliza lao lilikunjwa wapi. Walimu wenzangu, lijaribuni swali hilo katika madarasa yenu kabla hamjashika kalamu nyekundu.