Nyumbu 99,481: hesabu ya baba na mwana

Mashariki ya kwetu Sapiwi, mashamba ya pamba yakikoma, kuna Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo yake Serengeti. Januari 1958 ndege ndogo iliyopakwa mistari ya pundamilia ilikuwa ikizunguka angani huko. Ndani yake walikuwamo Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, kijana wa miaka 23. Hatari haikuwa ngeni kwao: walishapiga filamu katika misitu ya Kongo. Awali walitaka kununua ardhi waiongeze kwenye hifadhi, lakini mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, Peter Molloy, akawapa kazi nyingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa mbioni kubadili mipaka, na hakuna aliyejua wanyama ni wangapi wala wanapita wapi. Basi wahesabu.

Chombo walikichagua vizuri. Mabawa ya Dornier Do 27 yako juu ya vioo, kwa hiyo hayamzibi anayetazama chini. Huruka polepole bila kuanguka, na hutua kwenye kipande kifupi cha nyasi. Nyanda ziligawanywa vipande, ndege ikapita mistari sambamba, kwenda na kurudi kama ng'ombe wa plau, watu wakihesabu kwa macho dirishani. Jibu: wanyama 366,980, wakiwamo pundamilia 57,199 na nyumbu 99,481.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia shaka. Jicho likikutana na kundi la nyumbu elfu mbili wanaokimbia, halihesabu, linakisia, na kwa kawaida linakisia pungufu. Mwaka 1961 hesabu nyingine, iliyotumia picha, ilipata nyumbu zaidi ya 221,000. Jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Kufikia hapo kwa kuzaana tu, ingebidi karibu kila jike azae kila mwaka, huku simba, fisi na ugonjwa wa sotoka wakisimama kando. Picha humpa mhesabuji nafasi ya kurudia kundi lile lile mezani, kwa lenzi, mpaka aridhike.

Upande wa njia za wanyama akina Grzimek walifanya vizuri zaidi: waliona makundi yakivuka mipaka iliyopendekezwa. Hata hivyo mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai wakahamishwa kutoka Serengeti.

Januari 10 mwaka huo, Michael akiwa peke yake angani, tumbusi aligonga bawa la kulia. Bati lilijikunja likakaba nyaya za usukani, ndege ikachomoka kwenda chini. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Majivu ya baba yake yalizikwa kando yake baada ya kufariki mwaka 1987.

Sotoka ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu walifikia kama milioni 1.4 mwaka 1977, na tangu hapo takwimu ya milioni na ushee ndiyo inayotajwa. Mwaka 2025 watafiti waliotumia picha za setilaiti na akili bandia wakasema hawafiki 600,000. Sasa mabishano ni kuhusu miti: setilaiti haioni mnyama aliye chini ya migunga, na migunga iko hata huku magharibi, kuelekea Maswa.