Pambano Lisilotafuta Mshindi

Wapenzi wengi wa ngumi hulidharau pambano la maonyesho. Halina mkanda, haliingii kwenye rekodi ya bondia, na aliyekuja kuona mtu akidondoshwa chini huondoka amenuna. Mimi naamini kinyume chake. Anayetaka kujua ngumi ni ufundi wa namna gani asianze na pambano la ubingwa. Amtazame askari wa uzito wa juu akipanda ulingoni kwa raundi tatu na bingwa wa ngumi za kulipwa, wote wawili wakijua hawakuja kuumizana. Nasema hivi nikiufikiria mji wa Mpanda, mkoani Katavi. Mkoa huo, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, uko mbali sana na kumbi za Dar es Salaam, na watu wake huzijua ngumi kupitia televisheni na simu kuliko kwa kukaa kando ya kamba. Televisheni huonyesha konde lililofika. Ufundi mwingi uko kwenye konde ambalo halikufika, au lililofika kwa kipimo.

Konde la mtu mzito halianzii mkononi. Huanzia kwenye kidole gumba cha mguu wa nyuma: kisigino kinanyanyuka, paja linasukuma, nyonga inageuka, bega linafuata, na ngumi inatoka mwisho kabisa ikiwa imebeba kilo zaidi ya 90 nyuma yake. Kwa hiyo bondia anayetaka kulipunguza konde hilo akiwa njiani hawezi kulizuia kwa mkono; mkono umeshachelewa. Lazima alizuie kutoka mguuni, nyonga iishie nusu ya safari, ili glavu iguse shavu badala ya kulipiga. Jambo hili ni gumu kuliko kupiga kwa nguvu zote, na ndilo pambano la maonyesho linalomdai bondia kila sekunde. Isitoshe, wawili hawa wamelelewa kwa saa tofauti. Askari aliyekulia kwenye ngumi za ridhaa amezoea raundi tatu za dakika tatu. Anatafuta pointi, anaingia kwa kasi, anatoka. Bingwa wa kulipwa amejengwa kwa raundi 12. Hana haraka. Anamwacha askari afanye kazi, anaegemeza uzito wake shingoni mwa mwenzake wanapokumbatiana, anagonga mbavu kidogo kidogo, anasikiliza pumzi. Kwenye pambano la kweli, tofauti hiyo humalizwa haraka na mmoja wao akiwa chini. Kwenye maonyesho inapewa nafasi ya kuonekana hadi kengele ya mwisho, na mtazamaji mwenye jicho anaondoka akizijua shule zote mbili.

Ushahidi mkubwa ni wa Joe Louis, ambaye kwake jeshi na ubingwa vilikutana ndani ya mtu mmoja. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu mwaka 1937, na Januari 1942 akajiunga na jeshi la Marekani. Kwa miaka ya vita alizunguka kambi za nyumbani na za Ulaya akipanda ulingoni mara 96 katika mapambano ya maonyesho, mbele ya askari wapatao milioni mbili. Alikataa kucheza mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi, katika jeshi ambalo lenyewe lilikuwa bado linawatenga watu weusi. Mwaka 1945 akatunukiwa nishani ya Legion of Merit. Tufikirie maana yake: huyu ni mtu ambaye mkono wake wa kulia ungeweza kumlaza askari wa kawaida hospitali, naye akatumia vita nzima akiwaonyesha askari mkono huo bila kuwavunja. Hakuna aliyesema Louis wa kambini si Louis wa kweli. Kwa maoni yangu, askari waliomwona kambini waliuona ufundi wake vizuri kuliko wengi waliolipa kumwona New York, maana kule pambano liliweza kukatika kabla mtazamaji hajakaa sawasawa kwenye kiti.

Kuna hoja dhidi yangu isiyopaswa kupuuzwa: kwamba maonyesho ni udanganyifu, na kwamba pale panapokosekana hatari mwenye cheo hujitangazia ubingwa. Mfano tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Idi Amin aliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi. Ubingwa huo aliupata ulingoni, na haki yake apewe. Lakini mwaka 1974, akiwa rais aliyeitia nchi hofu, alipanda tena ulingoni kwa maonyesho, safari hii na Peter Seruwagi, kocha wa timu ya taifa. Nani angethubutu kumpiga? Hapo nakubaliana na wapinzani wangu kabisa: lile lilikuwa igizo. Hata hivyo, kilicholiharibu si kule kukosa mshindi. Lililiharibu jambo moja, kwamba mmoja alikuwa na uwezo wa kuumiza na kujizuia, na mwingine hakuwa na ruhusa hata ya kujaribu. Kujizuia kwa asiye na ruhusa ya kupiga ni woga tu. Pambano la maonyesho linahitaji watu wawili walio huru kupigana, kila mmoja akiwa na cha kuogopa kwa mwenzake, kisha wote wakubaliane kipimo. Likikosa hilo, halistahili jina lake, na mimi ningekuwa wa kwanza kulipigia kelele.

Wapo pia wanaosema jeshi lijiheshimu, kwamba askari akionekana kuzidiwa na mchezaji wa kulipwa sare nzima inafedheheka. Hoja hii inasahau historia ya ngumi nchini na mchango wa askari ndani yake. Bondia Titus Simba alipoleta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, fainali yake aliipoteza kwa John Conteh, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBC katika uzito wa juu mwepesi. Michael Yombayomba alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur mwaka 1998. Mwaka 2022, Birmingham, Yusuf Changalawe, askari wa JWTZ, akapata shaba. Selemani Kidunda, naye mwanajeshi, aliiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki ya London 2012 kisha akaingia ngumi za kulipwa. Ndani yake kambi na biashara vimeshapatana. Hakuna fedheha katika kupoteza kwa Conteh. Hakuna fedheha katika kujifunza mbele za watu pia. Tena sioni kazi inayofanana na ya askari kuliko hii: amepewa nguvu ya kuua, na heshima yake yote iko katika kuitumia kwa amri na kwa kiasi.

Je, watu wa Katavi wataelewa pambano la namna hii? Swali hili huulizwa na watu wa mijini, na linanikera. Wasukuma waliohamia kwa wingi katika mkoa huo wamekuja na utamaduni wa kushindanisha ngoma, Bagika upande mmoja na Bagalu upande wa pili, ambapo umati ndio hakimu: unakwenda kwa anayecheza vizuri na kumwacha mwingine peke yake. Watu wenye jicho la namna hiyo hawahitaji mtu wa kulala sakafuni ili wajue aliyezidi.

Hoja inayonipa shida kweli ni ya ubongo. Glavu nene za maonyesho hulinda zaidi ngozi na mifupa ya mkono kuliko kichwa. Kichwa kikitikiswa, ubongo hutikisika, mkanda uwepo usiwepo. Siwezi kuifuta hatari hiyo kwa kusifu ufundi. Ninachoweza kudai ni masharti: mizani ikaribiane, raundi zisizidi tatu, daktari akae kona ya ulingo na si jukwaa la wageni, na mwamuzi awe na mamlaka ya kusimamisha mchezo pindi mmoja anaposahau makubaliano, awe na mkanda wa dunia au nyota begani. Kocha apewe kipaza sauti kati ya raundi aeleze kilichofanyika, mguu uliwekwa wapi na konde lile lilikatwaje. Haya yote yanawezekana kwenye uwanja wa mpira wa Mpanda, mchana kweupe, kwa kiingilio anachokimudu mkulima wa tumbaku na mwanafunzi wa sekondari, na walimu wa michezo wakiwa mstari wa mbele ili Jumatatu wawe na cha kufundisha.